Mbu Hawapendi Mkate

Jumatatu, 4 Aprili 1966

Mikate imetoka vizuri. Michache imeungua chini. Hiyo tutakula sisi na watoto wa jirani. Baiskeli ina pancha tena. Nimebeba kikapu kichwani mpaka hoteli za sokoni, mvua ikininyea, askari mstaafu, tumbo mbele.

Jioni mbu. Hapa Homa Bay hawaji kama wageni, wanarudi kama wenye nyumba. Nimejipiga makofi mpaka mke wangu Peres akauliza kama nacheza ngoma ya kwetu.

Habari kubwa. Nahodha wa mashua ya Takawiri ameleta ujumbe wa mdomo: mjukuu wetu Akinyi anakuja. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, kulala mara mbili. Anakuja na mama yake na, hapo nikakaa chini, nyanya yake wa upande wa pili, Mama Ouma mwenyewe.

Niandike jinsi lilivyo. Binti yetu Boke ameolewa kisiwani Takawiri na Ouma, fundi wa mitumbwi. Mwaka jana alimleta Akinyi akiwa mchanga. Mtoto akalala kwetu, akarudi na homa. Alikaribia kutuacha. Tangu hapo Mama Ouma akasema mjukuu wake hatalala kwa Mkuria yule mpaka mbu wa nyumba ile wahame. Mwaka mzima sasa. Mimi tangu hapo nimemwona mtoto mara moja tu, gatini, mashua ikisubiri. Alinitazama kama mtu aliyekuja kumuuzia kitu.

Sasa Mama Ouma anakuja kukagua. Mtoto akipata homa safari hii, basi: hatakuja tena mpaka aweze kuja mwenyewe na kikapu kichwani. Ndivyo alivyosema. Sina hasira naye. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Chandarua tunacho kimoja, cha jeshini. Panya wamekifanyia milango. Dukani vimekwisha tangu mvua zianze.

Jumatano, 6 Aprili

Nimetangaza vita. Peres amesema ile ya Burma ilinitosha.

Nimefyeka nyasi zote hadi kwenye ua. Nimepindua makopo, vigae, kiatu kimoja cha zamani kilichokuwa na maji na viluwiluwi ndani. Wanacheza kwa furaha hao. Ziwa lote liko pale chini, wao wamechagua kiatu changu. Pipa la maji ya mvua siwezi kulimwaga, ndiyo maji ya mkate. Nimeomba samaki wadogo kwa wavuvi, nikawatia humo. Hadi jioni wamekula viluwiluwi wote. Nimekaa nikiwatazama kama mtu anayetazama mpira.

Ajabu moja. Nikiwa chumba cha tanuri mbu hawanigusi. Nakanda alfajiri kifua wazi, hakuna hata mmoja. Nikirudi nyumbani, wananipokea mlangoni. Nimemwambia Peres kwamba mbu hawapendi mkate. Amesema labda ni huo mkate wangu tu.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Hatupiki leo. Nikapata nafasi ya kujaribu moshi.

Kwetu juu, upande wa Isebania, baba aliwasha mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kigae na kukiweka katikati ya nyumba. Nikafanya hivyo. Nikaongeza maganda ya machungwa. Nikaongeza na majani mabichi, kwa sababu kidogo ni kizuri na kingi ni kizuri zaidi. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya siku zote.

Mbu walitoka. Peres naye alitoka. Alisimama uani, macho mekundu, leso mdomoni, akanitazama kwa muda.

"Mwita, unataka mjukuu au unataka obambla?"

Obambla ni samaki wao wa kukaushwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa.

Yeye akiniita Mwita, nimekosa. Nikiwa sijakosa ni Baba Boke.

Jumamosi, 9 Aprili

Hoteli zote mbili zimerudisha mkate. Una harufu ya zizi, wamesema. Nilikuwa nimeweka kigae kile karibu na unga uliokuwa ukiumuka. Moshi umeingia humo, ukakaa.

Tumekula sisi. Kwa kweli unanuka zizi. Peres amekula kimya, kisha akalia kama ng'ombe, mara moja tu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Kanisani. Peres amewaambia akina mama habari za mkate. Nimeipokea Pasaka nikichekwa. Si vibaya.

Jumanne, 12 Aprili

Peres ana njia yake. Ndogo, haina kelele. Ameleta miche ya kivumbasi, ameipanda kwenye madebe chini ya kila dirisha. Anasugua majani machache kwenye mbao za dirisha jioni. Kisha anafunga milango na madirisha mapema, kabla kuku hawajaingia bandani. Basi. Anasema mama yake alifanya hivyo na watoto wake walikua.

Naona wamepungua kidogo. Lakini kidogo hakitoshi. Mama Ouma hatakuja kukagua kidogo.

Kuna pia suala la mahali pa kulala. Mkwe mwenzetu halali kwetu. Heshima ya Wajaluo haimruhusu kulala katika nyumba ya wazazi wa mke wa mwanawe. Atalala kwa Min Achieng, jirani wetu wa ng'ambo ya ua, ambaye ni wa ukoo wao. Boke na mtoto kwetu. Kwa hiyo Mama Ouma atalala mbali na kuamka na mashaka. Asubuhi atakuja kumgeuza mtoto kama anayenunua kuku.

Alhamisi, 14 Aprili

Peres ameenda Ndhiwa kwa kaka yake kuchukua simsim, karanga, na kuku wawili wa wageni. Atarudi Jumatatu. Nimempandisha lori. Ameniachia sufuria ya omena, dagaa wa ziwa, na amri moja.

"Mwita, usibuni kitu."

Nimesema ndiyo. Nyumba ni kubwa bila yeye. Nimewasha redio nikaizima. Nimeongea na kuku.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimebuni kitu.

Nimewaza hivi: ndani moshi unamsumbua mtu, kwa hiyo moshi uwe nje, mwingi, wa taratibu, uzunguke nyumba wiki nzima mpaka mbu wasahau njia. Upepo wa juzi umeangusha mti nyuma ya kanisa. Nimewaomba vijana wa gatini wanisaidie kuviringisha magogo hadi uani. Nimeyapanga mbele ya mlango, nimeyawasha. Yanawaka polepole sana. Mazuri ajabu.

Kisha nimetoa viti vyote nje, meza, na kitanda chetu, ili nyumba ipigwe moshi kila pembe na kuta zisafishwe. Godoro nimeliegemeza ukutani.

Kivumbasi cha Peres bado ni miche, nimeogopa kukikata. Kule kando ya ziwa kuna mmea mmoja unaotambaa juu ya ua. Nimeung'ata. Mchungu. Nikasema mbu naye ataona mchungu. Nimekata mzigo mzima, nimeupindapinda, nimeuvika mlango na madirisha kama harusi.

Kesho sitapika mkate. Magogo yanataka mtu wa kuyalinda.

Nimesimama barabarani kuitazama nyumba. Nimeona fahari. Peres atashangaa.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimekufa leo. Naandika nikiwa hai, lakini mji mzima ulijua nimekufa.

Ilikuwa hivi. Usiku sikulala, nikichochea magogo. Asubuhi nikaingia chumba cha tanuri kuchekecha unga wa kesho. Nikakaa juu ya gunia nipumzike. Usingizi ukanibeba.

Nje watu wanapita. Wanaona nini? Moto wa magogo uani. Viti nje, kitanda nje. Mlangoni, ule mtambaazi ambao waombolezaji wa hapa hujivika kichwani na shingoni siku ya msiba. Mkate haukufika hotelini siku ya kazi, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie. Mke hayupo, alionekana akipanda lori la kwao. Wakajumlisha. Mzee akifa hapa huwashwa moto wa magogo uani kwake, wenyewe huuita magenga, na huwaka mpaka azikwe na hata baadaye. Nimeuona moto huo mara nyingi. Nimekula nyama kando yake. Haikunijia hata kidogo. Kichwani mwangu mlikuwa na mbu tu.

Nimeamshwa na kilio. Nikajiuliza, nani huyu masikini? Nikasikia jina langu.

Min Achieng alikuwa akinililia kwa Kijaluo, akitembea huku na huku uani. Kijaluo changu ni cha kununulia samaki, lakini nilielewa. Kwamba nilikuja mgeni nikawa mtu wao. Kwamba mkate wangu ulikuwa mzito kama mkono wa mtu mwema. Kwamba nani sasa atawapa watoto vile vipande vilivyoungua. Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilikaa kimya kidogo nisikie kama kuna zaidi. Kulikuwa na zaidi. Nilikuwa na sauti nzuri kanisani, akasema. Hapo nikajua msiba unamfanya mtu aseme lolote.

Kisha nikatoka. Nilisahau unga. Nilikuwa mweupe toka nywele hadi viatu.

Waliokuwa karibu na ua waliuruka. Mzee mmoja akavua kofia. Min Achieng alirudi nyuma kinyumenyume mpaka akakaa juu ya kitanda changu. Akanitazama sana.

"Yawa, Mwita. Kama umekufa, rudi ukalale. Kama hujafa, nieleze huu moto."

Nikaeleza. Mbu. Mjukuu. Mama Ouma. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule aliyevua kofia. Baadaye walicheka wote, wengine wamekaa chini kabisa. Ila wazee hawakutaka jambo liishe hivyo. Moto kama huo hauwashwi bure, walisema, wala hauzimwi bure. Lazima kitu kiliwe kando yake. Jogoo wangu akachinjwa, yule mkubwa niliyemwekea Mama Ouma. Mimi mwenyewe nikapewa firigisi, kama mkubwa wa msiba wangu.

Nilikuwa natafuna, ndipo Min Achieng aliposema, kama mtu anayekumbuka nguo kwenye kamba, kwamba mashua ya Takawiri imeondoka na habari.

Nilikimbia. Gatini nikaona tanga dogo huko mbali. Nikatafuta mashua nyingine, chombo chochote, mtu yeyote anayeelekea visiwani. Hakuna hadi kesho. Nikauliza kuhusu lori la Ndhiwa. Limeondoka pia. Limebeba habari pia.

Mvua ikanikuta huko huko. Nilipofika nyumbani ilikuwa imenyesha juu ya viti, meza, kitanda na godoro. Moto ulikuwa umezimwa na Mungu mwenyewe, bila kula chochote.

Najiona mjinga. Si mjinga wa kuchekesha. Mjinga tu.

Jumapili, 17 Aprili

Nilimsikia Peres kabla sijamwona. Alikuwa analia tangu njia kuu. Miaka yote hii sikuijua sauti hiyo. Natamani nisingeijua.

Aliingia uani kanga zimelegea, kuku wawili chini ya kwapa, amewasahau. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akanyamaza. Akawaachia kuku. Akavua kitambaa cha kichwa, akanipiga nacho begani, mara mbili. Kisha akakaa chini kwenye tope, akaushika mguu wangu, hakuuachia kwa muda mrefu.

Nikasema pole, Nyar Ndhiwa. Ndilo jina lake la heshima, binti wa Ndhiwa. Nilikaa naye pale chini. Kuku wakatuzunguka.

Jioni Boke akaja. Mashua iligeuka na kumleta, na Akinyi mgongoni, na Mama Ouma nyuma yao amevaa nguo za kilio. Wapagazi wa gatini walikuwa wamekwisha kuwaambia kwamba marehemu hajambo. Boke alinikumbatia huku akicheka na kulia. Ouma amebaki nyumbani, alisema, kwa sababu mkwe akifa lazima mume wa binti alete ng'ombe dume, na yeye alikuwa amekwisha kumpata, amemfunga kamba. Kuna ng'ombe huko kisiwani aliyeponea chupuchupu kwa ajili yangu.

Mama Ouma hakucheka. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho ya mtu anayepima upepo. Akaingia nyumbani. Harufu nzito ya moshi wa magogo imejaa ndani. Kitanda kinachuruzika. Godoro unaweza kulikamua. Yale majani ya msiba bado yananing'inia dirishani, niliyasahau. Jua linatua. Mbu wa kwanza wameanza kuimba.

Mashua ya kurudi ni Jumanne.

"Mtoto atalala wapi, Baba Boke?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Kwa Min Achieng kuna mlango usiofungika na bwawa la bata nyuma. Kwetu hakuna hata mkeka mkavu. Wiki mbili nilikuwa natengeneza mahali pa mtoto huyu kulala, na sasa mahali hapo ndipo hakuna.

Nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekisema kwa mzaha. Kwamba kule kwenye tanuri mbu hawaingii. Kwamba sijui kwa nini. Kwamba labda hawapendi mkate.

Peres alinitazama. Safari hii hakutania. Akachukua taa, akaenda mbele.

Chumba cha tanuri ni kidogo, cha matofali, mlango mmoja unaobana vizuri na tundu la hewa juu lenye waya wa kuzuia panya. Joto la matofali linakaa siku nzima, hewa ni kavu kama biskuti, na ukutani kuna harufu ya kuni ya miaka. Nilitoa majivu na kila kaa lililobaki, hata lile lililoonekana limekufa, nikayapeleka mbali. Jeshini tuliwahi kuzika watu waliolala na jiko. Nikaacha mlango wazi hewa ipite, Peres akisimama hapo na tawi akipunga, kisha tukafunga. Akasugua majani ya kivumbasi kwenye fremu ya mlango, yake machache, machanga, alikata mwenyewe.

Mama Ouma aliingia, akakaa juu ya gunia langu. Akakunja mkono wa gauni hadi begani. Akauweka mkono mtupu juu ya goti, akautazama. Sisi tumesimama kama washtakiwa. Akinyi amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi. Hakuna kilichotua.

Kisha akatazama hori langu la kukandia unga, la mbao za mvule, refu, nimelikwangua likawa laini kwa miaka. Akapitisha kiganja ndani.

"Hata Mwokozi alilala horini," akasema. "Leteni nguo kavu."

Jumatatu, 18 Aprili

Asubuhi Mama Ouma alikuja kabla ya chai. Akamvua Akinyi nguo zote mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza mbele na nyuma, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Mimi nilitazama ziwa.

Hakuna hata alama moja.

Mama Ouma mwenyewe alikuwa ameumwa shingo yote na jicho moja limevimba. Bata wa Min Achieng wana marafiki wengi.

Akinyi hanitazami tena kama mchuuzi. Leo sikuweza kukanda horini, nikakanda mezani, naye akakaa magotini pangu, akachukua donge la unga, akalibana, akalionja, akaniwekea mdomoni. Nikalila. Bichi, na chumvi ya vidole vyake. Nina miaka hamsini na ushee na sijawahi kupokea chakula kwa furaha namna hiyo.

Jioni Mama Ouma alikohoa kidogo, akamuuliza Peres kama sheria ya wakwe inahusu na kiwanda. Peres alifikiri. Akasema nyumba ni mahali penye kitanda na chungu. Huku hakuna kitanda, hakuna chungu. Huku ni kazini. Mama Ouma akasema hata yeye alikuwa anaona hivyo.

Basi nyanya, binti na mjukuu wamelala kazini kwangu katikati ya magunia. Sisi wawili tuko nyumbani juu ya godoro lisilokauka. Mbu wanatula. Peres amecheka gizani mpaka kitanda kikatikisika. Nilipomuuliza anacheka nini, akasema, firigisi.

Jumanne, 19 Aprili

Wameondoka. Akinyi alipunga mkono kwa upande usio sahihi, akiupungia mlima.

Nilitegemea neno. Mama Ouma aliingia mashuani, akapanga nguo zake, akasema homa haiji siku hiyo hiyo. Itajificha wiki, hata mbili. "Tutaona," akasema.

Ni kweli. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana.

Jumamosi, 23 Aprili

Ndiyo siku waliyopaswa kuja. Mikate imetoka vizuri. Mgongo unauma. Baridi, na jua kali nje. Nimevaa koti la jeshi nikisema nalipima kama bado linanienea.

Jumapili, 24 Aprili

Peres hakudanganyika na koti. Ameweka kiganja kwenye paji la uso wangu, ameniburuta hospitalini. Malaria. Vidonge vichungu kuliko ule mmea wangu wa ua.

Natetemeka ninapoandika. Sijiogopei. Kama imenipata mimi, imempata na Akinyi? Alikaa magotini pangu mchana kutwa. Tulikuwa uani jioni ile, dakika chache, kabla ya kumfunga ndani. Dakika chache zinatosha.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimekula uji. Peres ndiye aliyepika mkate wiki hii. Hoteli zimeuliza kama sitaendelea kuugua kidogo.

Mashua imekuja. Nahodha hajaonana nao.

Jumapili, 1 Mei

Nahodha anasema amesikia kuna mtoto ana homa kali huko kisiwani. Wa nani? Hajui. Wa kike? Anadhani.

Peres hakula. Nami sikumlazimisha. Tulikaa uani mpaka giza, hatukufunga madirisha, tulisahau. Mara moja akanishika mkono akasema si kosa lako, Baba Boke. Ameniita Baba Boke. Nikaogopa zaidi.

Alhamisi, 5 Mei

Nilikuwa gatini kabla ya mashua. Nahodha akanipigia kelele tangu mbali, kwa sababu aliuona uso wangu.

Si Akinyi. Ni mtoto wa jirani yao, na yeye ameanza kunyonya tena. Akinyi hajambo. Ameota jino. Nilimshukuru nahodha, nikampa mkate, nikaenda nyuma ya ghala la pamba nikasimama huko kidogo peke yangu.

Kuna na maneno ya Mama Ouma. Mtoto atakuja mwezi wa nane na atakaa mpaka atakapochoka. Moto usiwashwe.

Na ya Ouma. Akinyi amekataa mkeka, amekataa kitanda, analia hadi alale ndani ya karai la nguo, na miguu sasa inatokeza. Ng'ombe amerudishwa kwa mwenyewe. Yeye ana kipande cha mvule kilichobaki kwenye mtumbwi. Anaomba vipimo vya hori.

Jioni tumefunga mapema. Kivumbasi kimefika dirishani, kimeanza kutoa maua. Mbu mmoja ameingia nami mlangoni, akaimba. Peres amempiga kwenye paji la uso wangu, taratibu, kisha akauacha mkono hapo kupima joto. Halipo. Hakuuondoa.

Nimelipima hori kwa kamba ya gunia. Fundo la urefu, fundo la upana. Kamba iko mfukoni mwa shati, itaenda na mashua ya asubuhi.